Vifo vya vunjajungu wa kufugwa: vipi ni vya kusikitikiwa na vipi ni vya kuchunguzwa

Mleta uzi (Kampala)

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu kwa sababu kila mvua zinapokolea wafugaji wapya wa vunjajungu hujitokeza kwa wingi, na baada ya muda mfupi wengi wao hutoweka. Hawaachi kwa ajili ya gharama, kwani mdudu huyu hahitaji zaidi ya kopo, wavu na nzi. Huacha kwa sababu amekufa. Tena wanaoacha si wazembe. Mara nyingi ndio waliokuwa makini kuliko wengine, waliompa jina, waliozoea kumwona akigeuza kichwa kuwafuata kwa macho wanapopita chumbani, na ambao asubuhi moja walimkuta ananing'inia nusu yake ikiwa bado ndani ya gamba la zamani, miguu imepinda, yu hai lakini hawezi tena kusimama. Wakieleza huzuni yao nyumbani huchekwa na kuulizwa kama kweli wanamlilia panzi. Hapa hatutamcheka mtu.

Ninachotaka kusema ni kwamba vifo vya vunjajungu si vya aina moja. Anayevihesabu vyote kwa uzito ule ule hujitesa bure kwa vifo ambavyo hakuna binadamu angevizuia, na wakati huo huo hupitwa na vile ambavyo vilikuwa vinamwonyesha waziwazi kasoro iliyomo ndani ya nyumba yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowavunja moyo walio wengi. Jike wa jenasi ya Sphodromantis, wale wakubwa wa kijani au kahawia tunaowakuta kwenye nyua na mashambani, hutaga kifuko cha mayai kinachofanana na povu lililokauka, na kifuko kimoja kinaweza kutoa tunutu, yaani watoto wasio na mabawa bado, zaidi ya 100, pengine hata zaidi ya 200. Jike huyo huyo hutaga vifuko kadhaa kabla ya kufa. Sasa, ikiwa idadi ya vunjajungu katika eneo fulani haiongezeki wala haipungui kutoka mwaka hadi mwaka, basi kati ya mamia hayo yote ni wastani wa wawili tu wanaofikia umri wa kuzaa. Wengine huliwa na buibui, mijusi, ndege, sisimizi na ndugu zao wa kifuko kimoja. Mfugaji aliyeangua kifuko kizima akafikisha kumi utu uzima ameyashinda mbali maumbile ya bustani, lakini ndiye atakayekuja kuandika hapa kwamba amepoteza karibu wote. Kwa maoni yangu, huyo hajapoteza kitu. Amepokea mamia ya viumbe ambao maumbile yenyewe yaliwazalisha kwa wingi kwa kuwa wengi wao hawangeishi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeangua kifuko ni huu: amua mapema utabaki na wangapi, kwa kadiri ya makopo na chakula ulichonacho, na waliosalia uwaachie siku hiyo hiyo mahali ulipookota kifuko, wakiwa wametawanywa kwenye majani na si kumwagwa mahali pamoja. Kuwaacha mia moja katika chombo kimoja kwa tumaini kwamba watapatana ni kuwaandalia vita. Watakulana, na wewe utahesabu maiti kila asubuhi. Baadhi ya wafugaji huacha makusudi walane wenyewe hadi wabaki wenye nguvu, na siwezi kusema njia hiyo haifanyi kazi, ila sioni kwa nini mtu aitumie kisha alalamike kwamba moyo unamuuma.

Hata wale wachache utakaobaki nao, tarajia kwamba baadhi yao watakufa kabla ya kujiambua, yaani kuvua gamba, mara ya pili au ya tatu. Tunutu aliyetoka kuanguliwa ana urefu wa milimita chache tu. Tone moja la maji lililotanda ukutani mwa kopo linaweza kumnasa akazama, na siku moja ya ukavu inaweza kummaliza. Pulizia maji kidogo sana, yawe kama ukungu, upande mmoja tu wa chombo, na umpe nzi wadogo wa matunda ambao utawazalisha kwa ndizi iliyoiva kupita kiasi, kitu ambacho katika nchi hii hakuna anayeweza kudai amekikosa. Ukiyafanya hayo na bado mmoja akafa, mtoe, safisha kopo, endelea. Hiki si kifo cha kukuuliza maswali.

Kifo cha wakati wa kujiambua ni habari nyingine, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Vunjajungu hukua kwa kulivua gamba lake, na jike hujiambua mara nyingi zaidi kuliko dume kabla ya kupata mabawa. Siku chache kabla, huacha kula, hutulia, na akiwa karibu na utu uzima vichipukizi vya mabawa mgongoni huvimba. Kisha hujining'iniza kichwa chini. Gamba hupasuka nyuma ya kichwa, naye huanza kushuka taratibu, kifua na kichwa kwanza, halafu miguu mirefu ikichomoka polepole, mwili mzima ukiwa umepauka na laini kiasi kwamba ukimgusa unaweza kumlemaza. Mwishowe hubaki ameshikwa na ncha ya tumbo peke yake, anapumzika hivyo mpaka miguu ianze kukakamaa, kisha hujikunja kuelekea juu, hulidaka gamba lake la zamani na kumalizia kujitoa. Kazi yote hiyo inategemea uzito wa mwili wake ukivutwa chini. Kopo likiwa fupi, kichwa hugonga sakafu kabla miguu haijatoka. Kifuniko kikiwa cha plastiki laini, kucha hazishiki, naye huanguka katikati ya kazi. Hewa ikiwa kavu, gamba humganda. Na nyenje aliyeachwa hai ndani ya chombo atamtafuna akiwa hoi, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone miguu imekatwakatwa.

Ndiyo maana kimo cha chombo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa vunjajungu mwenyewe, na dari iwe ya wavu au vijiti vyenye mikwaruzo. Kifo cha namna hii kinastahili kusikitikiwa na kuchunguzwa pia, kwa sababu chombo kile kile kitamuua na atakayefuata.

Halafu kuna uzee, ambao wageni wengi huudhania kuwa ugonjwa. Vunjajungu wetu wakubwa huishi kiasi cha mwaka mmoja hivi, mara nyingi pungufu, na madume huondoka mapema kuliko majike. Mzee hupoteza vidole vya miguu, hushindwa kushika wavu, hupata madoa meusi machoni au mwilini, mabawa huchakaa, na shabaha yake ya kunasa nzi hupungua hadi akawa anakosa mara kwa mara. Hapo hakuna dawa. Mshushe karibu na sakafu ili asianguke kutoka juu, mpe maji kwa ncha ya kijiti, mlishe kwa mkono vipande vya nzi, na umwache amalize siku zake. Aliyemfikisha hapo hana deni.

Mchangiaji wa Entebbe

Nashukuru kwa uzi huu, mleta uzi. Naomba niongeze jambo kuhusu chakula. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tuna usubi wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi juu ya maji na kujaa kwenye taa za kuta jioni. Wakati wa msimu wao ni chakula bora kwa tunutu wachanga, na hawana gharama. Tahadhari ni moja: wachukuliwe wakiwa hai kwenye mwanga, wasizolewe chini ya ukuta uliopuliziwa dawa.

Mleta uzi (Kampala)

Ndugu wa Entebbe ameligusa jambo nililotaka kulifikia, nalo ni dawa. Ukikuta wamekufa wote usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, wengine wakitetemeka miguu kabla ya kukata roho, usifikirie maradhi. Fikiria sumu. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupulizia mende, nyumba zilizopuliziwa kuzuia malaria, mboga za sokoni zilizonyunyiziwa dawa juzi, na mende aliyekwisha kula chambo cha sumu akakamatwa akiwa bado anatembea: kila kimoja kati ya hivyo kinatosha.

Na kuna hiki kinachosahaulika mara nyingi zaidi. Vyandarua vinavyogawiwa bure nchini kuzuia malaria vimetiwa dawa ya kundi la pairethroidi, ambayo kazi yake ni kuua mdudu anapougusa uzi. Mtu hukata kipande cha chandarua kikuukuu, akakifunga juu ya kopo kwa nia njema kabisa, na vunjajungu hutembea juu yake kichwa chini usiku kucha. Nunueni kitambaa cha wavu cha shela ya bibi harusi kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe, hapa Kampala. Kipande kidogo kinatosha makopo mengi. Kioshwe kwanza kwa maji matupu na kuanikwa.

Mchangiaji wa Jinja

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mama wa watoto watatu, na mwanangu wa katikati ndiye mfugaji nyumbani kwetu. Jike wake alikuwa amepata mabawa, ametaga vifuko viwili, kisha akaanza kudhoofika hivyo hivyo alivyoeleza kaka yetu mleta uzi, na wiki iliyopita akafa. Mtoto hakula chakula cha jioni. Baba yake alitaka tumwambie kwamba mdudu ameruka kurudi shambani, nami nikakataa, ila sikuwa na maneno mazuri ya kuweka mahali pa uongo ule. Mngekuwa ninyi mngemwambia nini?

Mwalimu wa Mbale

Dada wa Jinja, pole sana, na mpelekee kijana pole zetu. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi na tuna vunjajungu darasani, kwa hiyo swali lako nalikuta kila muhula. Ulifanya vyema kukataa uongo, kwa sababu mtoto aliyeambiwa ameruka atakwenda kumtafuta shambani, na asipomwona ataamini kwamba alimkimbia.

Sisi humwambia mtoto mambo yaliyo kweli na ambayo anaweza kuyathibitisha kwa macho yake. Alikuwa mzee: tazama vidole vya miguu vilivyokatika, tazama mabawa yalivyochakaa. Alimaliza kazi ya mdudu wa kike, ambayo ni kutaga, na vifuko ni hivi hapa. Kisha mtoto humchora kutoka katika mzoga wenyewe kabla haujakauka, kwa vipimo, akihesabu pingili za tumbo upande wa chini, sita kwa jike na nane kwa dume. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto aliyepewa rula na penseli hulia kidogo zaidi kuliko aliyepewa maneno ya faraja, ingawa analia bado, na hakuna ubaya. Wengine huomba kumzika chini ya ua. Wengine huomba tumkaushe na kumbandika kwenye kadibodi pamoja na magamba yake yote aliyoyavua, kutoka dogo kabisa hadi la mwisho. Mpe yeye achague.

Mchangiaji wa Jinja

Ahsante sana, Mwalimu. Magamba anayo yote, ameyahifadhi kwenye kiberiti. Nitampa kadibodi leo.

Mchangiaji wa Kabale

Mimi naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi kuhusu tunutu wachanga. Anasema tusijiulize maswali wanapokufa. Huku kwetu milimani usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, na wangu walikuwa wakifa mmoja mmoja kwa muda mrefu, tumbo limejaa, chakula kipo, maji yapo. Kama ningeyachukua maneno yake kama yalivyo, ningesema ni hesabu ya maumbile na kuendelea. Nilipowahamishia karibu na jiko, ambako ukuta hubaki na uvuguvugu hadi alfajiri, vifo vikapungua sana. Kwa hiyo hata vifo vya wachanga vina la kusema.

Mleta uzi (Kampala)

Pingamizi la ndugu wa Kabale ni la haki nami nalipokea, ila nitalitia mpaka. Kifo kimoja kimoja cha mchanga hakisemi kitu. Mpangilio wa vifo ndio unaosema. Baridi haimuui mdudu wa kitropiki papo hapo, humpunguzia kasi ya kusaga chakula na kukua, na chakula kikikaa tumboni bila kusagwa humdhuru. Wengi wa vunjajungu wetu hustawi kati ya nyuzi 22 na 30. Anayeishi Kabale, Kisoro au miinuko ya Elgon analazimika kulifikiria hilo. Anayeishi Kampala anaweza kulisahau.

Ndiyo sababu ninapendekeza daftari. Si la mbwembwe: tarehe ya kujiambua, siku ya mwisho aliyokula, alikula nini na kilitoka wapi, na alipokufa alikuwa katika hali gani. Ukurasa mmoja kwa kila mdudu unatosha.

Na mzoga wenyewe usitupwe kabla ya kutazamwa. Aliyenasa katikati ya gamba anazungumzia kimo, unyevu au usumbufu. Aliyesinyaa tumbo likawa bapa amekosa maji au chakula. Mwenye majimaji meusi mdomoni na harufu mbaya, hasa ikiwa alikuwa akitapika siku kadhaa kabla, ana uambukizo wa tumbo, na hapo chakula cha kundi lile lile wasipewe wengine. Chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani, majani na vijiti vitupwe. Mwenye tumbo lililopasuka alishiba kupita kiasi kisha akaanguka, na majike ndio wenye balaa hilo. Aliyeliwa akabaki vipande huku kopo limejaa sisimizi hakufa kwa njaa. Weka miguu ya meza kwenye vikopo vya maji. Na wakifa mfululizo kwa siku nyingi, tafuta katika maji, chakula na joto, lakini wakifa pamoja, tafuta sumu.

Mchangiaji wa Entebbe

Ongezeni na minyoo. Niliwahi kumwokota jike mzuri kando ya barabara ya kuelekea bustani ya mimea, mnene, anakula vizuri, na jioni moja akaanza kuhangaika akielekea kwenye kisahani cha maji. Alipokifikia, mnyoo mwembamba wa rangi ya kahawia, mrefu kuliko mdudu mwenyewe, ulianza kujinyonganyonga ukitoka nyuma ya tumbo lake. Jike alidumu siku chache tu baada ya hapo.

Mleta uzi (Kampala)

Huo ni mnyoo wa kundi la Nematomorpha. Hukulia ndani ya mwili wa vunjajungu, na ukikomaa humfanya mwenyeji wake atafute maji, kwa kuwa mnyoo hauwezi kuzaana pasipo maji. Vunjajungu huupata kwa kula wadudu wenye mabuu yake. Aliyeokotwa akiwa mkubwa anaweza kuja nao, na mfugaji hawezi kuuona mapema wala kuutibu. Andika katika daftari kwamba aliokotwa, na usijisumbue zaidi ya hapo.

Mchangiaji wa Arua

Nina swali ambalo wengi huliogopa. Wangu alijiambua vibaya akiwa anapata mabawa. Miguu miwili ya nyuma imejikunja, mmoja wa mbele haufunguki, hawezi kushika kitu. Namlisha kwa kijiti, anakula. Rafiki yangu anasema nimweke kwenye friza apumzike. Mke wangu anasema kumuua kiumbe anayekula ni dhambi. Naona wote wawili wana hoja.

Mchangiaji wa Kabale

Kama anakula, aishi.

Mwalimu wa Mbale

Ndugu wa Arua, jambo la kuangalia ni umri. Tunutu aliyepoteza mguu anaweza kuuotesha tena polepole katika kujiambua kunakofuata, kwa hiyo mchanga mwenye mguu uliopinda ana sababu ya kusubiriwa. Wako ameshapata mabawa, hatajiambua tena, na alivyo ndivyo atakavyobaki.

Mleta uzi (Kampala)

Nakubaliana na Mwalimu, na nitasema wazi ninavyofikiri, kila mtu apime kwa dhamiri yake. Vunjajungu mtu mzima anayeweza kushika angalau matawi ya chini na kufikisha chakula mdomoni, hata kwa msaada, anaweza kuishi miezi katika kopo fupi lenye sakafu ya kitambaa, na wapo wafugaji wanaofanya hivyo kwa uvumilivu wa ajabu. Asiyeweza kunyanyua kichwa kunywa, anayelala ubavuni na kupigapiga miguu, huyo anakufa polepole, na kumharakishia sioni kuwa ni ukatili. Wanaotumia baridi humweka kwanza kwenye sehemu ya kawaida ya jokofu mpaka atulie kabisa, ndipo wamhamishie kwenye friza na kumwacha humo usiku kucha. Iwapo mdudu anahisi maumivu kama sisi ni jambo ambalo wanasayansi bado wanabishana juu yake, na kwa kuwa wanabishana, mimi hutenda kana kwamba anahisi.

Kwa huyu wako anayekula, ndugu wa Arua, ningeegemea upande wa mkeo kwa sasa. Mpe wiki. Akiacha kula akashindwa kunywa, jibu lenyewe litakuwa limekujia.

Mchangiaji wa Arua

Nimeelewa, na mke wangu amefurahi mno kusikia hivyo. Nitarejea kuwajulisha.

Mchangiaji wa Gulu

Mnaongea kuhusu vifo tu. Mimi dume wangu aliliwa na jike nikiwatazama, na lilikuwa dume la pekee nililokuwa nalo. Hilo linaingia katika fungu gani?

Mleta uzi (Kampala)

Linaingia katika vifo ambavyo mfugaji amevikubali tangu alipowakutanisha. Si kila kukutana kunaishia hivyo; jike mwenye njaa ndiye hatari zaidi. Mshibishe siku kadhaa mfululizo, mwachie mdudu mnono aanze kumtafuna, ndipo umlete dume kwa nyuma, katika nafasi pana yenye matawi mengi ya kukimbilia. Wakimaliza, mtoe dume mara moja. Ukiyafanya haya yote bado anaweza kuliwa, na anayeona hilo ni zito mno kwake afuge bila kuzalisha. Hakuna aibu katika hilo.

Mchangiaji wa Gulu

Sawa. Na kuhusu kuwaachia waliozidi: kuna mtu ananiuzia aina ya nje, wenye umbo la ua. Wakinizidi naweza kuwaachia bustanini?

Mleta uzi (Kampala)

Hapana, ndugu yangu, na hapa sitalegeza. Ushauri wangu wa kuwaachia unahusu wale tu waliookotwa papo hapo. New Zealand walipata somo kwa vunjajungu wa Afrika Kusini aitwaye Miomantis caffra, aliyeonekana Auckland mwaka 1978. Madume wa aina ya asili ya New Zealand huvutwa na harufu ya majike wageni, huenda wakidhani wamepata mwenzi, na huishia kuliwa. Aliyewafikisha huko hakukusudia mabaya. Aina ya nje ikikuzidi, gawia wafugaji wengine, au gandisha vifuko kabla havijaanguliwa. Na hata wa hapa nyumbani, kutoa wanyama ndani ya hifadhi za taifa bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori hairuhusiwi, kwa hiyo okoteni kwenye mashamba na nyua zenu.

Mchangiaji wa Masaka

Mimi nilipoteza wote mwaka jana na nilikuwa nimeapa kuacha. Jana, nikipogoa mibuni, nimekuta kifuko kwenye tawi. Nimelikata tawi lote, liko hapa mezani. Kina vitundu vidogo upande mmoja. Nijaribu tena au nikirudishe?

Mleta uzi (Kampala)

Karibu tena, ndugu wa Masaka. Tazama vitundu hivyo kwa makini. Tunutu hutokea kwenye mstari wa katikati ya kifuko na huacha vijiutando vyeupe vinavyoning'inia hapo. Vitundu vya mviringo vilivyotobolewa ubavuni ni dalili ya nyigu wadogo wa jenasi ya Podagrion, ambao hutaga ndani ya kifuko na watoto wao hula mayai ya vunjajungu. Lakini ni mara chache nyigu kula mayai yote, kwa hiyo kifuko chenye vitundu si lazima kiwe kimekufa. Usikirudishe kwa sababu hiyo.

Kining'inize peke yake katika chupa pana yenye wavu mdomoni, kikielekea vile vile kilivyokuwa kwenye mbuni, mbali na tunutu wengine na mbali na jua la moja kwa moja, na upulizie maji kidogo kila baada ya siku mbili. Wakitoka nyigu, utawaona ni weusi au wa kijani kinachong'aa, na majike wana mkia mrefu mwembamba. Usisafishe chupa kwa hasira siku hiyo. Acha kifuko kiendelee kukaa, maana tunutu wanaweza kutoka baadaye katika mayai yaliyosalia, na watakuwa wachache kiasi cha kukufaa.

Kwa joto la Masaka kifuko huchukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na hatujui kilikaa shambani muda gani kabla hujakikata. Nzi wa matunda huhitaji karibu wiki mbili kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo ndizi ziwekwe kwenye chupa leo, si siku utakapowaona tunutu, na chupa ya pili uianze baada ya wiki moja ili nzi wasikatike. Ukishawaona, bakisha watano, kila mmoja na kopo lake, na hao wengine wapelekwe mibunini kabla jua halijawa kali.

Mchangiaji wa Masaka

Ndizi zimeingia chupani. Nitaleta picha ya vitundu kesho mchana, mwanga ukiwa mzuri.